Siku nilipofuta posti ya ami

Ami yangu anachapa simu kwa kidole kimoja. Ukimkuta pale daka la nyumba yake utadhani anagonga muhuri, anabonyeza herufi, anaiangalia, anaifuta, anabonyeza nyingine, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua. Kwa hiyo posti ya mistari sita kwake yeye ni kazi ya kutoka alasiri mpaka karibu na magharibi, na mimi niliifuta kwa sekunde mbili nikiwa kwenye boti ya Mokowe nasubiri ijae.

Hii ni stori ya Machi 2021 na nimeikalia muda mrefu kwa sababu kila nikianza kuiandika najitoa vizuri kuliko nilivyokuwa.

Mimi ni mmoja wa maadmini watatu wa grupu ya watu wa Lamu, jina sitaji na iko mtandao gani sitaji, wenyewe mnajijua. Ina watu kama elfu nne, nusu yao wako Mombasa na Uarabuni hawajakanyaga hapa miaka. Ilianza kama grupu ya kutangaziana maiti na harusi, nani ana nyumba ya kukodi Langoni, maji yametoka mtaa gani, punda amepotea (usicheke, punda akipotea hapa ni kama wewe gari lako limeibwa). Halafu corona ikaingia, tarehe 13 Machi 2020 serikali ikatangaza mgonjwa wa kwanza Kenya, mwisho wa mwezi kafyu ishaanza, misikiti imefungwa, Ramadhani hiyo tukasali taraweh majumbani, mji ambao ukirusha jiwe linaangukia msikiti hauna sala ya jamaa hata moja, na watu wote wamekaa ndani na simu. Grupu ikageuka hospitali, redio na mahakama kwa pamoja.

Sasa ukiwa admini wakati kama huo unaingiwa na woga ambao si wa bure. Kulikuwa na ile sheria ya uhalifu wa mitandao ya 2018, habari ya uongo faini ilikuwa inafika milioni 5 au jela, na mwezi ule ule wa kwanza wa corona tulisikia watu wanakamatwa kwa walichoandika mitandaoni. Mimi nauza vocha na kuprinti, milioni 5 sijawahi kuiona hata kwenye ndoto. Kwa hiyo tulikuwa tunatafuta sheria za kuazima, kitu cha kumuonyesha mtu, tazama, si mimi niliyesema, ni wakubwa.

Tarehe 8 Februari 2021 Facebook wakatoa orodha yao ndefu ya mambo ya corona ambayo watayatoa kabisa, si kuyawekea lebo tu. Kuna ya chanjo, kuna ya kwamba ni salama zaidi kuugua kuliko kuchanjwa, na ndani yake kuna moja ya asili, kwamba kirusi kimetengenezwa na binadamu. Nikaona mashallah, hii ndiyo. Nikakaa usiku mmoja nikaitafsiri, nikaipandisha juu kabisa ya grupu kwa rangi nyekundu.

Na hapa ndipo kosa lenyewe lilipo. Kiingereza chao kilisema kutengenezwa, yaani mtu amekaa akakiunda. Mimi kwenye tafsiri yangu nikaandika "ni marufuku kusema kirusi kimetoka maabara." Kwa nini? Kwa sababu ilikuwa fupi, iliingia kwenye mstari mmoja. Kutengenezwa na kutoka. Mkate unatengenezwa kwa mwokaji, lakini punda akiponyoka kwenye kibanda cha mtu hatusemi mwenye kibanda amemuumba. Maabara inaweza kuwa imekusanya kirusi cha porini kutoka kwa popo, ikakihifadhi, mfanyakazi akaambukizwa akenda nacho nyumbani, hapo hakuna aliyetengeneza kitu. Hayo ni madai mawili mbalimbali, na mimi nikayafunga kamba moja usiku wa saa sita nina usingizi, kisha watu elfu nne wakaishi chini ya sheria ambayo hata Facebook hawakuiandika.

Posti ya ami ilikuwa hivi, ninayo skrinshoti kwa sababu tulikuwa tunaweka za kila tunachokifuta:

"Asalaam aleikum jamaa. Nauliza mwenye ilimu. Maradhi haya wengine wasema yametoka sokoni kwa wanyama wa mwitu, wengine wasema yametoka maabara ya mji uo huo, kwani pana maabara pale ya virusi vya popo. Je yuko mtu aliyethibitisha moya katika mawili haya, naye ni nani, na alijuaje? Sitaki ugomvi, nataka mwenye kujua."

Soma tena. Hakuna dai pale. Lakini mimi sikusoma, niliona neno maabara na chini yake komenti kumi na kitu, mmoja anasema silaha ya Wachina, mwingine anasema ya Wamarekani, mwingine keshamtaja Bill Gates, nikasema haya ndiyo yatakayotumaliza. Nikafuta. Nikamfungia mwezi mzima asiposti. Na nikaweka tangazo, Mungu anisamehe, kwa herufi kubwa, kwamba wazee wetu waache kusambaza uongo unaoweza kuua watu. Jina sikutaja lakini Lamu ni ndogo, kila mtu alijua mzee ni nani.

Hakunipigia. Hakumwambia baba. Nilimpita dakani kwake kesho yake nikamtolea salamu akajibu "aleikum salaam" akanyamaza hapo. Mtu wa Lamu akikujibu salamu bila kukuuliza nyumbani hawajambo, mamako hajambo, kazi zaendaje, ushajua. Ilikwenda hivyo Machi, Aprili, Ramadhani ya pili ikaingia ikatoka, idi nikampelekea halua akaipokea kwa mikono miwili na kushukuru na kunyamaza.

Mwezi ule wa Mei grupu ilikuwa imejaa bandari. Tarehe 20 Mei 2021 Rais Uhuru Kenyatta alikuja kuizindua gati ya kwanza ya bandari mpya, ile iliyojengwa na kampuni ya Wachina, na meli kubwa zikatia nanga, na sisi tukagawanyika kama kawaida, wengine wanaposti picha na bendera, wengine wanauliza fidia ya wavuvi iko wapi. Ndani ya wiki hiyo hiyo, tarehe 26, nikiwa nimekaa Mkunguni nakunywa kahawa nikaona habari mbili zimefuatana. Biden amewapa majasusi wake siku 90 watafute zaidi kirusi kimetoka wapi, sokoni au maabara. Na Facebook wametangaza kwamba kuanzia sasa hawatatoa tena posti zinazosema kirusi kimetengenezwa na binadamu.

Kahawa ilinipoa mkononi. Yaani hata lile zito zaidi, la kutengenezwa, limeruhusiwa, na ami yangu alikuwa ameuliza lile jepesi, tena ameuliza tu.

Nikaanza kusoma kama mtu anayetafuta wakili. Na nilichokikuta kilinifanya nione kwamba kosa langu lilikuwa na wakubwa wake. Februari 2020, corona haijafika hata Kenya, wanasayansi 27 waliandika barua kwenye jarida la The Lancet wakilaani vikali nadharia za njama zinazosema kirusi hakikutoka kwa maumbile. Mwezi uliofuata ikatoka makala kwenye Nature Medicine ya kina Kristian Andersen ikisema hawaoni kama asili ya maabara ni jambo la kuingia akilini. Baadaye ikajulikana kwamba huyo huyo Andersen mwisho wa Januari alimwandikia Anthony Fauci, mkubwa wa maradhi ya kuambukiza kule Marekani, kwamba kuna sehemu za kirusi zinaonekana kama huenda zimetengenezwa. Mtu kubadilisha rai baada ya kuchunguza si aibu, ndiyo kazi yao. Ila sisi wa huku chini tulipewa ile ya mwisho peke yake na tukaambiwa imekwisha. Na ile barua ya Lancet aliyeipanga alikuwa Peter Daszak, ambaye shirika lake lilikuwa likipitisha pesa za utafiti kwa maabara ya Wuhan yenyewe, ule mji wa China maradhi yalikoanzia, jarida likaja kuongeza maelezo ya maslahi yake Juni 2021, mwaka na zaidi umeshapita.

Halafu Mei 2021 wanasayansi wengine 18 waliandika kwenye jarida la Science kwamba njia zote mbili zinawezekana na zichunguzwe sawasawa. Kabla ya hapo, mwisho wa Machi, ripoti ya timu ya WHO iliyokwenda Wuhan ilisema ya maabara uwezekano wake ni mdogo kupita kiasi, na siku ile ile mkuu wa WHO Tedros akasema hapana, hili linahitaji kuchunguzwa zaidi. Mwisho wa Machi! Wiki chache tu kutoka siku nilipomfungia ami. Mkuu wa afya wa dunia anasema mlango uko wazi na mimi nimeusimamia kwa rungu.

Nikaenda kwake baada ya isha. Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima, nilipofika yakapotea yote.

"Ami, nimekuja kukuomba radhi."

"Ndoo uketi," akasema. Akanimiminia kahawa. Akangoja ninywe. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia kabisa. "Chuoni tuliwasomesha nini, hadithi ni za aina ngapi?"

Mimi nilisoma madrasa kwake, alasiri, mbao na viboko, nikiwa na miaka tisa. Nikazihesabu hadithi za Mtume kama mtoto: sahihi, hasan, dhaifu, na maudhui.

"Dhaifu na maudhui ni kitu kimoya?"

Nikasema hapana. Maudhui ni ya kubuniwa, mtu amemzulia Mtume, hiyo haisimuliwi ila kwa kuwaonya watu. Dhaifu ni ile ambayo katika isnadi yake, yaani mnyororo wa wapokezi, pana upungufu, mmoja hafidhi vizuri, au katikati pamekatika hatujui nani alimpa nani.

"Na dhaifu yatupwa?"

"Yasimuliwa, ila waseme udhaifu wake."

"Basi," akasema. "Mimi naliwauliza isnadi. Wewe ukaniambia nimezua."

Akanywa kahawa yake. Hakuongeza neno kwa hilo, akaniuliza mamangu hajambo, na pale nikajua tumerudi.

Nimekaa na lile jambo la dhaifu na maudhui mpaka leo kwa sababu ndicho kitu ambacho orodha zote zile hazina. Orodha ya mitandao ina vyumba viwili, inakaa au inatoka, labda na kachumba cha lebo katikati. Sasa dai la kwamba chanjo ina chipu ndani, hilo ni maudhui, lifute, sina neno. Lakini dai la maabara mwaka 2021 lilikuwa na wapokezi gani? Mji wenye mlipuko una taasisi inayosomea virusi vya popo, hiyo ni kweli. Kirusi cha karibu kilichojulikana wakati ule kilitoka kwa popo wa Yunnan, mbali sana na Wuhan, kinafanana kwa asilimia kama 96, na sampuli yake ilikuwa kwenye taasisi hiyo hiyo, hiyo nayo ni kweli. Na virusi kuponyoka maabara si hadithi za watoto, ile SARS ya kwanza, maradhi ya ukoo mmoja na corona, iliponyoka maabara ya Beijing mwaka 2004 ikaua mtu, na Uingereza 2007 ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe ulitoka eneo la maabara za Pirbright. Katikati ya mnyororo lakini pamekatika, hakuna mgonjwa wa kwanza wa maabara aliyethibitishwa, hakuna daftari. Dhaifu. Inasimuliwa na udhaifu wake.

Na upande wa soko pia ulikuwa na pengo lake, maana mnyama mwenyewe hajashikwa. SARS ya 2003 walimpata fungo sokoni, MERS wakampata ngamia, hii wakawa na soko lakini hawana mnyama. Tangu hapo upande huo umepata nguvu, mwaka 2022 ulitoka utafiti kwenye Science ukionyesha wagonjwa wa mwanzo wamezunguka soko la Huanan hata wale ambao hawakuwahi kwenda pale, na 2023 tukasikia chembechembe za mbwa-rakuni zimepatikana kwenye vibanda vile vile vyenye alama za kirusi. Mimi mwenyewe ukinibana leo nitakwambia moyo wangu uko sokoni. Lakini FBI wanasema maabara, tena kwa uhakika wa wastani, CIA Januari 2025 wakasema maabara kwa uhakika mdogo, na kamati ya WHO Juni 2025 ikasema ushahidi uliopo unaelemea kwa wanyama ila China haikutoa data walizoombwa kwa hiyo maabara haiwezi kuchunguzwa wala kuondolewa. Miaka zaidi ya mitano, na swali la ami bado halina mtu wa kulijibu.

Watu wa Marekani wamelifanya hili kuwa ugomvi wa vyama na mimi sitaki kuingia humo. Zuckerberg, mwenye Facebook, aliandika barua Agosti 2024 kwamba serikali ya Biden iliwasukuma mwaka 2021 watoe mambo ya corona, kisha Januari 2025 wakaacha mpango wa wahakiki wa habari kule Marekani. Wameruka kutoka kufuta kila kitu hadi kuacha kila kitu, na katika yote mawili hakuna aliyekumbuka kwamba kuna watu wanaosoma hizo sheria kwa lugha nyingine, kwa tafsiri ya kijana wa vocha. Na wale waliokuwa wakichuja posti za huku kwetu walikuwa Nairobi, vijana wa kandarasi, jarida la Time liliandika 2022 kwamba wengine walilipwa kama dola moja na nusu kwa saa, wakitazama mauaji kutwa. Huyo ndiye atakayekaa apime isnadi ya virusi vya popo? Sekunde chache anazo, anabonyeza. Simlaumu, mimi nilikuwa nazo zangu nyingi tu kwenye boti na nikafanya vile vile.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba sisi watu wa kisiwa hiki mizozo ya asili tunaijua. Kwenye grupu hiyo hiyo tuna mjadala wa miaka kuhusu Wachina wa Pate, kwamba meli ya msafara wa Zheng He, amiri wa Kichina, ilizama karne ya 15, mabaharia wakaogelea mpaka pwani ya Pate wakaoa Siyu na kizazi chao kiko, 2005 binti mmoja wa huko akapelekwa kusoma China kwa ajili hiyo. Kuna wanaoapa ni kweli, kuna wanaosema ni siasa za biashara tu, wanatukanana kwa adabu kila baada ya miezi miwili. Hakuna hata siku moja iliyonipitia akilini nimfungie mtu.

Kuna jambo moja ambalo nimelisoma nikafunga simu. Daktari Li Wenliang wa Wuhan, tarehe 30 Desemba 2019 aliwaambia wenzake kwenye grupu ya WeChat kwamba kuna wagonjwa wa kitu kama SARS. Tarehe 3 Januari polisi wakamsainisha karatasi kwamba ameeneza maneno ya uongo. Februari 7 akafa kwa ugonjwa huo. Mimi si polisi wa Wuhan na ami si daktari, lakini lile tangazo langu la herufi kubwa ukiliweka kando ya karatasi ile, maneno yanafahamiana.

Basi mwaka jana ami alikuwa mgonjwa wa presha, nikawa nakwenda kumsomea habari jioni kwa sababu macho yake, au mato kama anavyosema mwenyewe, hayamsaidii tena na simu. Nikamsomea ile ya kamati ya WHO. Akasikiliza mpaka mwisho akasema, "Dhaifu bado," akacheka. Halafu akanyamaza kidogo, akauliza, "Na ile ya mvuke, mliitoa?"

Nikamuuliza mvuke gani.

Ilikuwa video ya wakati ule ule, mwanamke na sufuria ya mwarobaini, mkaratusi na ndimu, anafundisha kujifukiza, shuka juu ya kichwa, mtoto wa miaka mitano amepakatwa ndani ya shuka na sufuria bado inatokota, kwamba dakika kumi asubuhi na jioni corona haikuingii. Wakati huo kutoka Tanzania mpaka huku kila nyumba ilikuwa inajifukiza, sisi kwetu pia, mamangu alikuwa na sufuria yake maalum. Aprili 2021 binti wa jirani yake ami, miaka sita, sufuria ilimmwagikia chini ya shuka, mapaja yote mawili. Alilazwa wiki tatu. Sisi wote tulikwenda kumtazama, tulichanga kwenye grupu, mimi ndiye niliyeshika daftari la mchango. Anatembea sasa, anasoma, lakini ngozi ya pale haijawahi kuwa ngozi tena.

Video haikuwa kwenye orodha yangu nyekundu. Haikuwa na neno maabara.

Nilifungua grupu pale pale kitandani kwa ami, nikaandika "kufukiza" kwenye sehemu ya kutafuta. Ikatokea. Ilikuwa imesheyawa mara mia tatu na kitu, na komenti ya kwanza kabisa chini yake, Machi 2021, jina langu na picha yangu ya zamani na lebo ya admini: "Mashallah, tusheyane jamani, dawa za asili hazina madhara."